Ving'ora vya pikipiki Banissa: Kinga bila mwitikio ni kelele tupu

Na Mwandishi Wetu

UCHAGUZI mdogo wa Novemba 27, 2025 uliwapa wakazi wa Banissa, Kaunti ya Mandera, mbunge mpya baada ya kiti hicho kukaa wazi tangu Machi 2023, alipofariki Kulow Maalim Hassan kufuatia ajali ya barabarani jijini Nairobi.

Mwakilishi yeyote wa eneo hilo hukabidhiwa orodha ile ile ya madai: maji, barabara, shule na usalama. Lakini ndani ya hilo neno usalama limo jambo moja dogo ambalo ni nadra kupata nafasi majukwaani, nalo ni ulinzi wa pikipiki.

Katika eneobunge lenye wadi za Banissa, Derkhale, Guba, Malkamari na Kiliwehiri, ambalo upande wake wa kaskazini unapakana na Ethiopia, pikipiki si chombo cha anasa. Ndiyo teksi, ndilo gari la mizigo, na mara nyingi ndiyo ambulansi ya mama mjamzito anayetoka kijiji kisichofikiwa na gari.

Tangu serikali ilipowaondolea wanunuzi mzigo wa kodi ya VAT kwa pikipiki zenye injini ndogo, mwishoni mwa miaka ya 2000, vyombo hivyo vilienea nchini kote kwa kasi ambayo haikutarajiwa. Kaskazini Mashariki haikubaki nyuma.

Pikipiki mpya ya aina ya Boxer au TVS inauzwa kwa zaidi ya Sh100,000. Kwa familia ya wafugaji hizo ni fedha za mifugo iliyouzwa, au mchango wa ndugu walio mbali. Ikiibwa usiku mmoja, kilichopotea si chuma. Ni kundi zima la mbuzi lililogeuzwa kuwa magurudumu mawili.

Ndiyo maana vijana wengi wa bodaboda wanauliza swali moja: je, king'ora cha kuzuia wizi kinafaa kununuliwa, na kama kinafaa, ni kipi?

Jibu rahisi ni kwamba kinafaa. Jibu la kweli ni kwamba kinafaa kwa masharti, na masharti ya Banissa si yale ya Nairobi au Mombasa.

Wizi usio wa watu wawili

Kabla ya kuzungumzia nyaya na betri, ni vyema kuelewa kwa nini wizi wa pikipiki katika ukanda huu una uzito kuliko kwingineko.

Kwanza ni suala la ugaidi. Aprili 2015, baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa lililoua watu 148, serikali iliweka kafyu ya usiku katika kaunti za Garissa, Wajir, Mandera na Tana River. Oktoba 2016, Mandera ilirudishiwa kafyu baada ya shambulio la nyumba ya wageni.

Katika mazingira ya namna hiyo, pikipiki iliyoibwa na kupitia mikono isiyojulikana ni tatizo la usalama wa taifa. Ikipatikana mahali palipotendeka uovu, nambari ya usajili itawaelekeza maafisa kwa mwenye jina kwenye kitabu cha umiliki, hata kama yeye ameipoteza miezi sita iliyopita na hakupiga ripoti.

Pili ni suala la koo. Wakazi wa Banissa na Rhamu hawajasahau machafuko ya mwaka 2013 yaliyowafukuza maelfu ya watu makwao. Mahali penye kumbukumbu kama hiyo, tuhuma ya wizi haibaki kati ya mwizi na aliyeibiwa. Huweza kuwa kati ya kijiji na kijiji, na wazee wakalazimika kuketi chini ya mti kwa maslaha ili kuzima moto ulioanza kwa pikipiki moja.

Nchi jirani zimelitazama suala hili kwa jicho hilo hilo la usalama. Nchini Uganda, watu wenye bunduki waliokuwa juu ya pikipiki walimshambulia Jenerali Katumba Wamala Juni 1, 2021, wakamwua binti yake na dereva wake. Muda mfupi baadaye, serikali ya Rais Museveni ilitia saini mkataba wa kuweka nambari za kidijitali zinazoweza kufuatiliwa kwenye magari na pikipiki, na utekelezaji ukaanza mwishoni mwa 2023 kwa magari ya serikali.

Nchini Nigeria, maafisa walichukua njia ya mkato. Julai 2011 walipiga marufuku pikipiki mjini Maiduguri kwa sababu ya Boko Haram. Waliopoteza riziki kwa amri hiyo walikuwa wengi kuliko wahalifu waliokusudiwa.

Hapa kwetu, Machi 2022, msako mkubwa wa wanabodaboda uliamriwa baada ya mwanadiplomasia kudhulumiwa barabarani jijini Nairobi, kisha ukasimamishwa baada ya siku chache. Funzo la visa vyote hivi ni kwamba wenye pikipiki wasipojilinda na kujipanga wenyewe, siku moja watapangwa kwa amri.

Aina tatu za kinga

Sokoni kuna makundi matatu ya vifaa, na kila kundi lina kazi yake.

Kundi la kwanza ni king'ora cha rimoti. Ndani yake mna kihisi cha mtikisiko, honi yenye sauti kali, na rilei inayozuia injini isiwake. Mtu akiigusa pikipiki, honi inalia na indiketa zinawaka. Seti ya kawaida inagharimu shilingi elfu chache tu.

Kundi la pili ni kufuli la diski lenye king'ora ndani yake. Hili halihitaji waya hata mmoja. Linabana sahani ya breki ya gurudumu la mbele na lina betri zake ndogo. Ubaya wake ni kwamba pikipiki nyingi za kazi zina breki za ngoma na si za diski, kwa hiyo mnunuzi aangalie gurudumu lake kabla ya kufungua pochi.

Kundi la tatu ni kifaa cha kufuatilia kwa setilaiti, ambacho vijana wanakiita traka. Hiki hupokea mahali kilipo kutoka angani, kisha hutuma taarifa kwa mwenyewe kupitia laini ya simu iliyomo ndani yake. Baadhi vinaweza kuzima injini kwa ujumbe mfupi.

Mijini, traka imeenea kwa sababu kampuni za mikopo huifunga kwenye kila pikipiki zinayoikopesha. Lakini Waislamu wengi wa Kaskazini Mashariki hujiepusha na mikopo ya riba, wakanunua kwa fedha taslimu au kwa msaada wa jamaa. Anayenunua kwa njia hiyo hafungiwi traka na mtu. Ulinzi unakuwa juu yake mwenyewe.

Je, basi anunue traka? Hapa ndipo methali ya wahenga inapofaa: fimbo ya mbali haiui nyoka.

Traka inategemea mtandao wa simu. Minara ya simu katika Kaunti ya Mandera ni michache, iko mbalimbali, na mara kadhaa imeharibiwa na magaidi. Pikipiki ikiingia bondeni upande wa Malkamari au ikivuka mpaka, kifaa hunyamaza, isipokuwa laini iliyomo imewezeshwa kutumika nje ya nchi na ina salio. Vifaa vizuri huhifadhi kumbukumbu ya njia na kuituma mtandao ukirudi, lakini habari ya jana haimkamati mwizi wa leo.

Hata mtandao ukiwepo, swali linabaki: nani atakwenda kuifuata? Kuona alama kwenye simu kwamba pikipiki iko kilomita 60 porini ni jambo moja, na kupata gari la polisi lenye mafuta ni jingine. Kuifuata peke yako, katika eneo lenye silaha haramu, ni kuhatarisha roho kwa ajili ya chuma.

Kwa sababu hiyo, kwa mwenye pikipiki wa Banissa mpangilio wa kwanza uwe ni huu: mnyororo imara uliofungwa kwenye kitu kisichong'oka, king'ora chenye rilei ya kuzuia injini, kisha traka kwa mwenye uwezo na anayeegesha mahali penye mtandao. Kuanza na traka huku pikipiki haina hata kufuli ni kujenga nyumba kwa kuanzia paa.

Uingereza, ambako wizi wa pikipiki ni tatizo la miaka mingi, taasisi ya Thatcham inayovipima vifaa hivi kwa niaba ya kampuni za bima huweka katika daraja la kwanza vile vinavyounganisha king'ora na kizuia injini. King'ora peke yake hakitoshi hata huko ambako polisi wako karibu.

Jambo ambalo wauzaji hawasemi

Ukinunua king'ora, uliza maswali manne kabla ya kulipa.

La kwanza ni la betri. King'ora hakilali, kinakula umeme usiku na mchana. Tuchukue kifaa kinachotumia milliampea 10 kikiwa kimesubiri tu. Betri ya ampea 5 ikiwa imejaa itakwisha kwa saa 500, yaani takriban siku 20. Betri ndogo ya ampea 2.5, kama zilizomo katika pikipiki nyingi za kuwashwa kwa kiki, itakwisha kwa siku 10. Betri iliyochoka haitafika hata nusu ya hapo.

Kwa mwendeshaji wa kila siku hilo si tatizo, kwa kuwa injini huichaji betri kila anapotembea. Lakini kwa anayeiacha pikipiki nyumbani akasafiri kwenda Mandera mjini au Nairobi kwa wiki mbili, atarudi akute betri imekufa na king'ora kimenyamaza zamani.

La pili ni la honi. Mwizi mzoefu hukata waya wa betri kwanza. Chagua kifaa ambacho honi yake ina betri yake ya akiba, ili ikikatwa iendelee kulia.

La tatu ni la rimoti. Vifaa vya bei ya chini kabisa hutuma alama ile ile kila unapobonyeza, na alama hiyo inaweza kunakiliwa. Vilivyo bora hubadilisha alama kila mara. Pia hakikisha unapewa rimoti mbili, na kwamba betri zake ndogo zinapatikana madukani karibu nawe. Rimoti iliyokufa porini humgeuza mwenye pikipiki kuwa mwizi wa mali yake.

La nne ni la vumbi na joto. Pikipiki ya Banissa hukaa juani mchana kutwa. Kifaa kisichozibwa vizuri hujaa vumbi, na gundi huyeyuka.

Ufungaji ndio roho ya kazi

King'ora kizuri kilichofungwa vibaya ni hatari kuliko kutokuwa nacho. Hapa ndipo ujuzi wa fundi unapopimwa.

Waya mkuu wa umeme unapaswa kutoka moja kwa moja kwenye betri, kupitia fyuzi iliyo karibu na betri yenyewe. Bila fyuzi, waya ukichubuka na kugusa chuma, moto unaweza kuanzia chini ya tangi la petroli.

Kizuia injini ndicho chenye mtego mkubwa. Pikipiki hazifanani katika jinsi zinavyopata cheche. Zipo ambazo kisanduku cha CDI, kile kinachopeleka cheche kwenye plagi, hulishwa na betri. Katika hizo, rilei inakata umeme unaokwenda kwenye kisanduku na injini inakataa kuwaka.

Zipo nyingine, hasa za kiki, ambazo injini huzalisha umeme wake wa cheche yenyewe bila kuihitaji betri. Katika hizo, ufunguo huzima injini kwa kuuelekeza waya mmoja kwenye chuma cha pikipiki. Fundi asiyejua tofauti hiyo akiukata waya huo, matokeo ni kinyume cha alichokusudia: pikipiki haizimiki tena kwa ufunguo, na mwizi hahitaji ufunguo kuiwasha.

Jaribio ni rahisi. Kwa ruhusa ya fundi, chomoa betri kisha piga kiki. Injini ikiwaka, pikipiki yako ni ya aina ya pili na rilei haina budi kuuelekeza waya huo kwenye chuma badala ya kuukata.

Viungo vya nyaya navyo vilehemiwe na kufunikwa. Kusokota nyaya kwa vidole na kuzifunga kwa utepe hakudumu katika barabara za mawe. Kisanduku cha king'ora kiwekwe chini ya kiti, mbali na bomba la moshi, juu ya kipande cha mpira, na honi ielekezwe chini ili maji na vumbi visituame ndani.

Aidha, rilei isiwe ya kuweza kukata injini pikipiki ikiwa mwendoni. Kifaa kinachozima injini katikati ya mwendo wa kilomita 60 kwa saa, kwa sababu tu kiungo kimelegea, kinaweza kumwua mwendeshaji na abiria wake.

Hapo pia lipo suala la unyang'anyi. Vipo vifaa vinavyozima injini pikipiki ikiwa mbali na rimoti, na wauzaji huvisifu kama dawa ya majambazi. Lakini jambazi mwenye bunduki ambaye injini imemzimikia hatua 100 kutoka kwa aliyemnyang'anya anaweza kurudi. King'ora ni kinga dhidi ya mwizi wa kimyakimya. Dhidi ya mwenye silaha, kinga ni kuiacha pikipiki iende.

Mwisho, kihisi cha mtikisiko kirekebishwe. Mahali ambapo mbuzi hujikuna kwenye gurudumu na lori la mizigo hutikisa ardhi, kihisi kikali kitalia mara kumi kwa siku. Wiki ya kwanza majirani watatoka nje. Wiki ya tatu hakuna atakayeinua kichwa, na hapo mwizi ndipo anapokuja.

Mwitikio ndio unaokosekana

Hoja hiyo ya mwisho ndiyo kiini cha suala zima. Honi hailindi kitu. Inachofanya ni kuita. Thamani yake inalingana na idadi ya watu watakaoitika, na jinsi watakavyoitika.

Kwa hiyo hatua yenye faida kubwa zaidi haiuzwi dukani. Wanabodaboda wa kituo kimoja wakubaliane kuegesha pamoja usiku, katika ua wenye mlinzi wanayemlipa kwa mchango. Wakati wa swala ya Ijumaa, pikipiki nyingi zinapobaki nje ya msikiti bila mwenyewe, wawekewe zamu wachache wa kuziangalia. Hapo king'ora kimoja kikilia kina watu wa kukisikia.

Mpango wa Nyumba Kumi ulioanzishwa mwaka 2013 ulikusudiwa kwa mambo kama haya, na wazee wana mamlaka ambayo hata polisi huyategemea. Hata hivyo, ni lazima tahadhari iwepo. King'ora kisiwe mwito wa kumpiga anayetuhumiwa. Mtuhumiwa apelekwe kituoni, kwani kumwua mtu kwa ajili ya pikipiki ni jinai, na katika eneo la koo ni mbegu ya vita.

Wahenga pia walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kila mwenye pikipiki aandike nambari za fremu na injini, azihifadhi kwenye simu na kwa katibu wa chama chake. Anayenunua pikipiki iliyotumika ahakikishe umiliki umehamishwa katika mfumo wa mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, NTSA. Ikiibwa, ripoti ipigwe siku hiyo hiyo na nambari ya kitabu cha matukio ichukuliwe. Nambari hiyo ndiyo itakayomlinda mwenyewe iwapo pikipiki itatumiwa kwa uovu.

Ieleweke pia kwamba bima ya lazima inayotakiwa na sheria hulipa watu wengine walioumizwa. Hailipi pikipiki iliyoibwa. Wengi hugundua hilo wakati wamechelewa.

Wajibu wa serikali

Serikali nazo, ya kitaifa na ya kaunti, zina sehemu yao.

Katiba ya 2010 iliwapa magavana jukumu la vyuo vya ufundi vya vijijini. Somo la umeme wa pikipiki, likifundishwa ipasavyo, litawapa vijana wa Banissa kazi na kuwaondolea wateja hatari ya kufungiwa vifaa na wasiojua.

Mfuko wa Huduma kwa Wote, unaosimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano, uliundwa ili kufikisha mtandao mahali ambapo kampuni hazioni faida. Kila mnara unaosimama kati ya Banissa na Malkamari unaifanya traka iwe na maana, na unamwezesha mama mgonjwa kupiga simu.

Polisi nao wanapaswa kuipokea ripoti ya pikipiki iliyoibwa kama taarifa ya usalama wa mpaka, si kama ugomvi mdogo wa mtaani. Na taarifa za mahali zinazokusanywa na traka zisigeuzwe kuwa chombo cha kuwapeleleza raia, kwa kuwa Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamhusu mkazi wa Banissa sawasawa na wa Nairobi.

Kijana anayekusudia kununua king'ora mwezi huu hana haja ya kusubiri hayo yote. Anunue mnyororo, achague kifaa chenye honi ya akiba, amtafute fundi anayejua tofauti ya aina mbili za cheche, na aandike nambari za pikipiki yake.

Kisha, kabla ya kulala, azungumze na majirani wake wakubaliane nani atatoka honi itakapolia.